Maabara Zetu Zisivipe Vilima Kisogo

Atokaye Ongata Rongai kwa matatu akielekea Kiserian hupita Nkoroi kabla hajamaliza ukurasa wa pili wa gazeti lake. Miaka kadhaa iliyopita abiria huyo alikuwa na cha kutazama njia nzima: upande wa kulia vilima vya Ngong vimejipanga kama vifundo vya ngumi, na chini yake nyasi, migunga na mifugo. Siku hizi huviona vilima hivyo kwa kudokoadokoa, baina ya ghorofa na ghorofa, kwani ploti za Nkoroi zimekatwa na kukatwa tena hadi jirani anasikia kikohozi cha jirani. Silalamiki kuhusu hilo. Watu wanahitaji mahali pa kulala, nami ni mmoja wao.

Ninalolilalamikia ni ramani moja ya ujenzi. Shule fulani ya eneo letu, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa kosa lake ni kosa la shule nyingi, iliwaita wazazi na majirani kuitazama ramani ya maabara mpya. Nilikwenda kwa furaha. Nimefundisha sayansi kwa miaka mingi, na naijua tofauti iliyopo baina ya mtoto aliyeishika neli ya majaribio mkononi na yule aliyechorewa neli hiyo ubaoni. Ramani ilikuwa safi. Meza zilitosha, mabeseni ya kuoshea vyombo yalitosha, na bohari ya kemikali ilikuwa imetengwa inavyostahili. Lakini ukuta wa magharibi, ule unaoelekea Ngong, ulikuwa mzima tangu kona hadi kona, mithili ya ukuta wa ghala la mahindi. Madirisha yote yaliwekwa upande wa pili, juu karibu na paa, yakitazama ukuta wa mawe wa barabarani. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba mandhari yale yangewaondolea wanafunzi makini.

Jibu hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Aliyelitoa si mjinga wala si mtu mbaya. Amesema tu waziwazi jambo ambalo sisi walimu tumekuwa tukilitenda kimyakimya: kwamba sayansi imo ndani ya chumba, na kilichoko nje ya dirisha ni anasa ya washairi na watalii. Nami nashikilia kinyume chake. Nyumba ya sayansi huwa nzuri, tena kwa maana kamili ya neno uzuri, pale inapokubali kuwa mtumishi wa ardhi iliyokuja kuisoma. Inapoikana ardhi hiyo, inaharibika kama jengo na inaharibika pia kama chombo cha kufundishia.

Kielelezo cha neno hili kiko katika kaunti yetu wenyewe, nacho hakihitaji pasipoti. Ni kuifuata tu barabara hiyo hiyo ya Magadi. Ukiisha kupita Kiserian na kufika Kona Baridi, nchi hukatika ghafla mbele yako. Bonde la Ufa limetandazwa chini, joto linakupanda usoni kama mvuke wa sufuria, na barabara inaanza kuteremka kwa mizunguko hadi Olorgesailie. Safari nzima kutoka Nkoroi haitimizi saa mbili kwa basi la shule lenye dereva mwenye hekima.

Mtaalamu wa miamba J. W. Gregory alipita huko mwaka wa 1919 akaona zana za mawe. Mwaka wa 1942 Louis na Mary Leakey walifika, wakakuta mashoka ya mkono yametapakaa ardhini kwa mamia, yamelala pale yalipoangushwa na viumbe waliotutangulia. Hapo ndipo ulipofanywa uamuzi ambao, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa maamuzi bora ya ujenzi yaliyowahi kufanywa katika nchi hii. Sehemu moja yenye mashoka mengi kupita kiasi iliachwa kama ilivyo. Hayakuokotwa yote yakatiwa sandukuni na kupelekwa Nairobi. Kilichojengwa ni paa la kuyakinga, na ujia wa mbao ulioinuliwa kidogo ili miguu ya wageni isiyaguse. Mahali hapo pakafunguliwa kwa umma mwaka wa 1947.

Nataka msomaji aufikirie unyenyekevu wa jengo hilo. Kuta hazipo. Msanifu, kama alikuwapo, hakuacha alama ya majivuno yake. Mgeni wa kwanza aghalabu huvunjika moyo na kuuliza kama hii ndiyo makumbusho yenyewe. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza, akiwa amesimama juu ya zile mbao, kwa nini Serikali haikujenga nyumba ya maana. Nilimwomba anyamaze kwa dakika tano, atazame chini, kisha atazame kando, kisha atazame mbali.

Chini yake palikuwa na mashoka ya mawe, makubwa kama kiganja cha mtu mzima, yamechongwa pande zote mbili. Kando yake palikuwa na udongo mweupe kama chokaa. Weupe huo ni mabaki ya diatomi, vijimea vya majini visivyoonekana kwa macho, ambavyo maganda yake yalizama na kurundikana chini ya ziwa. Pahali pale pakavu kama ngozi iliyoanikwa palikuwa na ziwa. Na mbali, upande wa kusini, ulisimama Mlima Olorgesailie, volkano iliyokwisha kuzimika zamani, ambayo lava yake ndiyo iliyowapa wachongaji wale mawe yao. Jiwe, ziwa na mlima. Hoja yote ya kisayansi ya mahali pale, ambayo vitabuni huchukua sura nzima, inaonekana kwa kugeuza shingo tu. Ukuta mmoja ungetosha kuiua.

Kijana yule hakusema neno, lakini baadaye niliiona daftari yake. Alikuwa amechora mshale kutoka mlimani hadi miguuni pake.

Wanasayansi nao hawajaacha kuisoma ardhi ile. Glynn Isaac aliifanyia kazi kubwa katika miaka ya 1960, na tangu mwaka wa 1985 Rick Potts wa Smithsonian pamoja na wenzake wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wamekuwa wakichimba na kupima. Mwaka wa 2003 yalipatikana mabaki ya fuvu la binadamu wa kale aliyeishi takriban miaka 900,000 iliyopita. Mwaka wa 2018 watafiti hao walitangaza zana za aina mpya, ndogo na zenye ustadi zaidi, zenye umri wa karibu miaka 300,000 na ushei, pamoja na mawe ya rangi. Baadhi ya zana hizo ni za obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, ambalo halipatikani pale. Lilibebwa kutoka mbali, makumi ya kilomita, na huenda lilipita mikono kadhaa likibadilishwa kwa bidhaa nyingine. Haya yote yamesomwa katika ardhi ambayo paa la mabati lilikuwa na adabu ya kutoifunika.

Adabu hiyo nimeisikia pia katika habari za mnara wa Zika huko Uganda. Karibu na Entebbe upo msitu uitwao Zika, ambao jina lake lilikuja kujulikana ulimwengu mzima kwa sababu ya virusi vilivyopatikana humo mwaka wa 1947. Watafiti walitaka kujua ni mbu gani wanaoishi karibu na ardhi na ni yupi anayeishi juu kwenye vilele vya miti. Jibu lao lilikuwa mnara wa chuma wa futi 120, wenye majukwaa ngazi kwa ngazi, uliohamishwa kutoka msitu wa Mpanga na kusimamishwa Zika mwaka wa 1960. Hauna ukuta wala kioo. Umbo lake lote limetokana na swali moja kuhusu mbu. Sijui kama fundi aliyeunga vyuma vile alikuwa na nia ya kuunda kitu kizuri. Lakini mtu akiniuliza nimwonyeshe jengo ambalo halina kiungo hata kimoja cha ziada, nitamtajia mnara huo kabla ya benki yoyote ya Nairobi.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa kwamba natukuza umaskini, ya kuwa Mwafrika akitaka nyumba ya sayansi ya fahari naye aipate, asikomezwe kwenye vibanda kwa kisingizio cha kuheshimu ardhi. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita kwa kuruka.

Eneo letu la Maziwa Makuu linayajua majengo ya sayansi ya fahari. Mfano mkubwa uko Lwiro, mashariki ya Kongo, si mbali na Bukavu. Wabelgiji waliunda taasisi yao ya utafiti wa Afrika ya Kati mwaka wa 1947, na makao yake makuu wakayajenga pale, chini ya milima ya Kahuzi. Picha zake nimeziangalia mara nyingi: matao, bustani, maktaba ya mbao zilizopakwa vanishi, na nyuma yake milima yenye misitu imeinama kama inasikiliza. Ni mahali pazuri mno. Lakini wakati taasisi hiyo ilipoundwa, koloni zima halikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium kilifunguliwa mwaka wa 1954. Basi milima ile ya Kahuzi ilijengewa jumba la kuisomea, ilhali watoto waliozaliwa chini yake hawakuwa na njia ya kuingia humo kama wasomi. Uzuri ule ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa wao. Leo kituo hicho ni cha Wakongo, na wamekiendeleza kupitia vita na uhaba ambao ungewafungisha virago wengi wetu. Nadhani Lwiro ya leo, japo rangi imebambuka hapa na pale, imekuwa nzuri kuliko ile ya picha za zamani.

Kwa hiyo sidai kwamba jengo la sayansi lazima liwe duni. Nauliza tu maswali mawili: linaisoma nini, na linamfungulia nani mlango?

Maswali hayo yatatuhusu kwa karibu hivi karibuni. Mwaka wa 2019 Richard Leakey na msanifu mashuhuri Daniel Libeskind walitangaza mpango wa kujenga Loodariak, humu humu Kajiado, makumbusho makubwa ya binadamu yatakayoitwa Ngaren. Michoro iliyotolewa inaonyesha minara iliyochongoka, umbo lake limeazimwa kwenye mashoka ya mkono kama yale ya Olorgesailie, imesimama ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ilitarajiwa kufunguliwa mwaka wa 2024. Leakey alifariki Januari 2022, na mwaka huo uliotajwa ukapita bila ya milango kufunguliwa.

Niseme wazi kwamba ningependa makumbusho hayo yajengwe. Mtoto wa Kajiado aliyezoea kusikia kwamba vitu vikubwa viko ng'ambo anastahili kuona ulimwengu ukija Loodariak kumtembelea. Hata hivyo michoro ile inanitia wasiwasi kidogo. Shoka la mkono lilikuwa na umbo lile kwa sababu lilikatia nyama na kuchongea miti. Ukilikuza likawa mnara wa ghorofa nyingi, umbo limebaki ila kazi imetoweka, sawa na kujenga hospitali yenye umbo la bomba la sindano. Pengine nitakosolewa na wasanifu, na pengine nikisimama mbele ya jengo lenyewe siku moja nitayameza maneno yangu. Kwa sasa, baina ya mnara unaofanana na shoka na paa linaloniacha nilione shoka lenyewe, mimi nachagua paa.

Turudi Nkoroi, kwenye ukuta ule usio na madirisha.

Nimejaribu kuorodhesha akilini yale ambayo mwanafunzi atanyimwa. Vilima vya Ngong ni mabaki ya volkano kubwa. Upande wake wa magharibi ulikatwa na nyufa zilizozaa Bonde la Ufa, na kilichobakia ndicho tunachokiona. Mwalimu wa jiografia anayeeleza mpasuko wa ardhi ana mfano wake dirishani. Mawingu hupanda upande wetu wa mashariki yakapoa na kutoa mvua, kisha huteremka upande wa pili yakiwa makavu. Ndiyo maana Kiserian kuna mboga na Olorgesailie kuna vumbi. Kwenye ncha ya kaskazini ya safu ile kuna mitambo ya upepo. Miwili ya kwanza ilisimamishwa mwaka wa 1993, na baadaye kituo kikapanuliwa hadi kufikia megawati 25.5. Kanuni za nguvu na mwendo zinazunguka pale mchana na usiku bila kulipwa mshahara wa mwalimu.

Lakini yote hayo ni mepesi nikiyalinganisha na jambo la meno.

Wanafunzi wengi wa sehemu hizi wana meno yenye madoa ya kahawia. Wengine hufunika midomo wanapocheka. Mara nyingi wamechekwa mjini kwa kudhaniwa hawapigi mswaki. Sababu yake ni floraidi iliyo katika maji ya visima virefu, na floraidi hiyo hutoka katika miamba ya volkano ambayo maji hupita ndani yake kwa muda mrefu kabla ya kuvutwa juu kwa pampu. Shirika la Afya Duniani limependekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa na kandokando yake huzidi kiwango hicho. Basi msichana anayeficha kicheko chake darasani anaibeba volkano kinywani. Somo la kemia analolihitaji kuliko yote linahusu mwamba, maji na jino lake mwenyewe. Na sisi tunataka kumfundishia somo hilo huku tumeuziba mwamba kwa ukuta, eti asije akapoteza makini!

Mtaala wa Umilisi, uliosambazwa nchini kote kuanzia mwaka wa 2019, unamtaka mwanafunzi achunguze mazingira yake na atatue matatizo ya jamii yake. Maneno hayo tumeyasoma katika warsha hadi tumeyakariri. Katika shule za upili za juu umetengwa mkondo mzima wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na kwa sababu hiyo maabara zinajengwa kila upande. Hii ndiyo sababu nimeshika kalamu sasa wala si mwaka ujao. Jengo la mawe likiisha kusimama hukaa miaka hamsini. Kosa la dirisha litawafuata watoto wa wanafunzi wa leo.

Fundi mkuu, mzee mmoja mwenye uzoefu ambaye nilimfuata baada ya mkutano, alinipa hoja iliyo bora kuliko ile ya makini. Aliniambia: "Mwalimu, magharibi ni jua la alasiri. Ukifungua madirisha upande huo, saa tisa watoto watakaangika na dawa zenu zitaharibika." Amesema kweli. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa, nikashinda siku mbili nikilitafakari jua hilo.

Jawabu nililipata kwa kukumbuka mambo mawili. La kwanza ni baraza za nyumba za pwani, ambako watu wamejua kwa karne nyingi namna ya kuketi nje bila kuunguzwa. La pili ni lile paa la Olorgesailie, linalotoa kivuli katika mojawapo ya sehemu zenye joto kali kabisa za kaunti yetu bila kumnyima mtu mandhari. Maabara ile na ipewe baraza upande wa magharibi, upana wa mita tatu, paa lishuke chini kiasi cha kulizuia jua na kuviacha vilima. Madirisha yafungukie barazani. Bohari ya kemikali ihamie mashariki, kwenye ubaridi. Meza moja ndefu iwekwe pale nje kwa ajili ya kupimia mvua, upepo na maji ya visima. Nilimrudia mzee yule na karatasi yangu. Aliitazama, akapiga hesabu kwa kijiti mchangani, akasema nguzo na mabati ya ziada ni gharama ndogo kuliko nilivyohofia, kwa kuwa mawe ya ule ukuta mzima nayo yatapungua. Kisha akaniuliza kwa nini sikulisema hilo mkutanoni mbele ya watu.

Basi nalisema hapa. Karatasi hiyo nimeipeleka kwa kamati ya ujenzi pamoja na barua ya kurasa mbili, nami nawasihi walimu wenzangu wa Kiserian, Rongai na Kitengela waziombe ramani za shule zao wazitazame kabla mchanga haujamwagwa. Wanafunzi nao wasione haya kuuliza. Ni wao watakaoketi humo. Kwa upande wetu msingi haujachimbwa. Vigingi vimepigwa na kamba imefungwa, na mzee ameniambia kuigeuza kamba hiyo ni kazi ya asubuhi moja.